Vita vya Kagera: tungeishia Mutukula?

Mzee wa Ilala: Wakuu, nauliza kwa dhati. Januari 1979 Kagera ilishakombolewa kutoka kwa jeshi la Idi Amin wa Uganda, na Mutukula, mji wa Uganda pale mpakani, tumeichukua. Kwa nini tusiishie pale? Kampala ikaanguka Aprili 11, vijana wakasonga hadi mpaka wa Sudan mwezi Juni. Huku nyumbani Mwalimu Nyerere akaomba tufunge mikanda miezi 18, na mikanda haikulegea. Sisi wa Dar tulipigana vita vyetu kwenye foleni ya sabuni.

Nshomile wa Kyaka: Foleni ya sabuni nayo vita? Daraja la Kyaka lilipolipuliwa, babu yangu alibaki upande wa Amin. Ng'ombe wote walichukuliwa, majirani wakauawa. Futa hilo neno.

Mama Tatu: Mwanangu, pole kwa ya babu. Ila foleni usiidharau. Kaka yangu alikwenda vitani na mgambo, mkewe na watoto wanne tukawalisha sisi. Nepi nimefulia majani ya mpapai.

Kijana Tabata: Shikamoo mama. Hayo majani kweli yanatoa povu? Bibi alinisimulia, sikumwamini.

Mama Tatu: Marahaba. Yanatoa, ukiyaponda vizuri. Muombe radhi bibi yako.

Mwalimu Mstaafu: Tusiisingizie vita kila kitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mafuta yakapanda bei 1979, na sehemu kubwa ya biashara tulikuwa tumeikabidhi mashirika ya umma. Sabuni ingeadimika tu.

Mzee wa Ilala: Kwa hiyo zile fedha za kigeni zilizonunua silaha hazikuwa na kazi nyingine? Mabasi na malori ya watu yalipelekwa Kagera, mengine hayakurudi. Na swali langu la Mutukula hamjalijibu.

Nshomile wa Kyaka: Nalijibu. Mutukula iko juu, mizinga yao ilikuwa inatupiga kutoka pale. Ungekaa pale, Amin angejipanga upya. Gaddafi wa Libya alishaanza kumletea askari, tukakutana nao Lukaya, njiani kwenda Kampala, mwezi Machi. Wewe ungelala usingizi Kyaka hali jirani yako ni yule?

Mzee wa Ilala: Mimi sikuishi Kyaka. Hapo sikubishii. Ila Arua je, kule kaskazini-magharibi mwa Uganda, mbali kupita Kampala?

Mama Tatu: Iacheni Arua kwanza. Nshomile, babu alivukaje?

Nshomile wa Kyaka: Shikamoo mama. Kwa mtumbwi, usiku. Bibi alikataa kupanda bila mbuzi wake. Walivuka naye.