Mrejesho: Siku moja Kamakura na Enoshima na mama

Wakuu, nimerudi kutoa mrejesho. Niliuliza: tukiwa Tokyo mwezi wa pili, tukipata siku moja tu ya kwenda pwani, na mama magoti yanamsumbua, twende wapi? Wengi mlisema mji wa Kamakura asubuhi, kisiwa cha Enoshima jioni. Ahsanteni sana, tulifuata.

Treni ya Yokosuka kutoka stesheni ya Tokyo ilichukua karibu saa moja. Yule Buddha wa shaba wa Kamakura, sanamu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1252, amekaa nje, juani. Mama alisimama mbele yake kimya muda mrefu.

Aliyetushauri tupande Enoden, treni ndogo ya kutoka Kamakura kwenda Enoshima, Mungu akubariki. Kile kitreni kinapita katikati ya nyumba, hadi unaona nguo zilizoanikwa, halafu ghafla bahari hiyo hapo! Karibu na Enoshima kinaingia barabarani na magari.

Yaliyogoma ni mawili. Shirasu wabichi, vile visamaki vidogo vyeupe, hatukupata: kuanzia Januari hadi katikati ya Machi uvuvi wake hufungwa. Tulikula waliochemshwa, juu ya wali moto, watamu kweli. La pili ndilo lililoniuma: ngazi za umeme za Enoshima zinapanda tu. Kushuka ni kwa miguu, na mama aliteseka, tukipumzika kila baada ya ngazi chache. Mwenye mzee mwenye magoti mabovu aishie chini, ufukweni. Sisi Mlima Fuji tuliuona tukiwa hapo hapo kwenye daraja la kwenda kisiwani, jua likizama.