Naomba ushauri: kuhama kati ya hedifoni na sabufa bila kuingia uvunguni mwa meza

Mhariri_Kirumba

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninahariri video za harusi na sendofu hapa Kirumba, Mwanza, katika chumba kidogo ambacho upande wa pili wa ukuta wake anafanya kazi fundi cherehani. Muda mwingi ninavaa hedifoni, kwa sababu bila hizo siwezi kujua kama kinachokwaruza ni maikrofoni ya mshereheshaji au ni cherehani ya jirani. Mteja anapokuja kukagua kazi yake, na kwa kawaida huja na shangazi wawili pamoja na mdogo wake, inabidi sauti itoke kwenye sabufa ili wote wasikie.

Shida ni kwamba kompyuta yangu ya mezani ina tundu moja tu la sauti linalofanya kazi, lile la kijani lililoko nyuma. Kila mteja anapobisha hodi ninapiga magoti, ninawasha tochi ya simu, ninachomoa pini ya hedifoni, kisha ninapapasa kati ya nyaya za umeme hadi niipate ya sabufa. Kwa kurudia hivyo mara nne au tano kwa siku, tundu lenyewe limeanza kulegea: nisipoisukuma pini kwa kidole, sikio la kushoto linanyamaza. Tundu la mbele lipo, lakini tangu niunganishiwe mashine hii mwaka jana halijawahi kutoa hata mlio. Ninatumia Windows 11. Je, ninunue waya wa Y, ninunue kadi ya sauti ya USB, yaani kifaa kidogo cha kuongeza tundu la sauti, au kuna njia ambayo sijaiona?

MzeeWaSabufa

Kijana wangu, nunua waya wa Y na usijisumbue. Pini moja inaingia nyuma ya kompyuta, na kwenye matundu mawili unachomeka hedifoni na sabufa kwa pamoja. Ukitaka kimya, unapunguza kitufe cha sabufa hadi mwisho. Mimi ninautumia hivyo kwa miaka mingi na sijawahi kuinama.

Fundi_Nyakato

Shikamoo mzee. Ushauri wako utafanya kazi, ila waya wa Y hauchagui, unagawa. Sauti itakwenda kote kwa wakati mmoja, na hedifoni alizoziweka mezani zitaendelea kulialia huku shangazi wakitazama video. Hilo ni dogo. Kubwa zaidi ni kwamba waya huo utaning'inia kwenye tundu lile lile ambalo tayari limelegea.

Ndugu mhariri, kabla hujatoa hata shilingi, zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, gusa chuma cha kasha ili umemetuli ukutoke mwilini, kisha fungua ubavu. Tundu la mbele halimo kwenye bodi mama, ile bodi kuu ya kompyuta. Linaunganishwa nayo kwa waya mwembamba ambao ncha yake imeandikwa HD AUDIO. Mahali pa kuuchomeka, kwenye bodi nyingi, ni ukingo wa chini karibu na nyuma, pamechapwa F_AUDIO, AAFP au jina linalofanana na hayo. Kwa kuwa waya huo mara nyingi ni mfupi na kona hiyo iko mbali, mtu anayeunganisha mashine kwa haraka huuacha bila kuuchomeka. Ukikuta ncha mbili, na nyingine imeandikwa AC'97, iache hiyo. Ni ya mfumo wa zamani, uliotangulia huu wa HD AUDIO ulioletwa na Intel mwaka 2004, na ukiitumia kompyuta inaweza isitambue kwamba umechomeka kitu.

Uangalifu mmoja: pale kuna vipini 9, mahali pa kumi pakiwa wazi, na karibu yake kunaweza kuwa na vipini vya USB vyenye sura ile ile. Mahali palipo wazi kwenye vipini vya sauti na vya USB hapalingani, kwa hiyo ncha ikikataa kuingia, usilazimishe.

Mhariri_Kirumba

Fundi, nimefungua leo asubuhi. Waya ulikuwepo, umefungwa kwa kibano cha plastiki kando ya feni, vumbi limeugandia hadi maandishi hayasomeki. Niliufuta kwa kitambaa, nikakuta HD AUDIO, nikauchomeka, na tundu la mbele likaamka. Ahsante sana.

Sasa nikichomeka hedifoni mbele, sabufa ya nyuma inanyamaza yenyewe, na nikizichomoa inarudi. Magoti yangu yamepona, lakini bado ninachomeka na kuchomoa siku nzima, na ninaogopa kwamba baada ya mwaka nalo tundu la mbele litalegea.

Binti_Nyegezi

Kaka, hofu yako ina msingi, na dawa yake haihusu waya tena. Kunyamaza huko ni uamuzi wa draiva, yaani programu inayoendesha kifaa cha sauti. Kama chipu ya sauti kwenye bodi yako ni ya Realtek, kama ilivyo kwa bodi nyingi za mezani, fungua programu yake ya sauti, nenda kwenye mipangilio ya ndani zaidi ya kifaa, na uchague mbele na nyuma zitoe mikondo miwili tofauti kwa wakati mmoja. Baada ya hapo Windows itaziona hedifoni na sabufa kama vifaa viwili, nawe utaviacha vyote vimechomekwa.

Kuhama ni kubofya alama ya spika kwenye kona ya chini kulia, halafu kishale kilicho kando ya kipimo cha sauti, na kuchagua. Ukibonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na V kwa pamoja, orodha hiyo hiyo inafunguka. Wanaotaka wepesi zaidi huweka programu ya bure iitwayo SoundSwitch, ambayo kwa Ctrl, Alt na F11 hukuhamisha moja kwa moja.

Kadi ya USB nayo ingekupa kifaa cha pili kwa namna hiyo hiyo. Ningeinunua tu kama programu ya Realtek ingekataa.

Mhariri_Kirumba

Imekubali, dada. Mambo mawili tu yalinishtua. Audacity, programu ninayohariria sauti, iliendelea kupiga kwenye hedifoni hata nilipokuwa nimekwisha kuhamia sabufa. Pili, sabufa ililipuka kwa sauti ya juu kabisa, hadi fundi cherehani akaja kuchungulia mlangoni.

Binti_Nyegezi

Audacity ina chaguo lake yenyewe la kifaa cha kutolea sauti. Likionyesha hedifoni, inabaki huko huko hata Windows ikihama. Basi badilisha humo humo ndani, na kama kifaa hakionekani, iamuru ikague vifaa upya. Kuhusu mlipuko, Windows hukumbuka kiwango cha sauti cha kila kifaa peke yake. Hamia sabufa wakati hakuna kinachopigwa, ishushe hadi 30, na ukirudi tena utaikuta hapo hapo.

Mhariri_Kirumba

Nimeiweka 25. Jirani amesema hiyo anaiweza.