Kijana wangu na shule ya urubani: Nairobi au Afrika Kusini?

MamaParachichi, Tukuyu: Shikamooni wakuu. Mwanangu kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu), anataka leseni ya rubani wa biashara. Kuna shule Nairobi, pale uwanja wa ndege wa Wilson, na nyingine Afrika Kusini inayotaka ada yote kwa mkupuo. Baba yake keshatafuta mteja wa shamba. Tuchague ipi?

MchelewaMbalizi: Marahaba mama. Shamba lisiuzwe kwanza! Mpeleke kijana kwa daktari anayetambuliwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, apate cheti cha afya daraja la kwanza. Mimi nilianza kwa ada, kipimo baadaye. Nikaambiwa sitofautishi vizuri nyekundu na kijani. Shule haikurudisha hata senti. Sasa nauza mchele, na ndege za Songwe nazisikia tu juu ya ukungu.

Saa200: Pole kaka. Mama, nenda shuleni asubuhi ya siku ya kazi, uhesabu ndege zinazoruka, siyo zilizoegeshwa. Mbili zikiwa gereji, kijana atakaa hosteli miezi akila hela. Kisha bei: leseni huhitaji saa 200 za kurusha ndege, au 150 kwa kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa. Uliza saa za ziada ni shilingi ngapi, maana wengi huzidisha. Ada ya mkupuo? Mimi nisingetoa. Na leseni ya nje lazima ibadilishwe TCAA akirudi.

MamaParachichi: Asanteni wanangu. Mteja wa shamba nimemwambia asubiri. Baba kanuna.