Skuta isiyo na vitesi (gia) kwa bibi yangu (mke), Panzi mpaka Nyawera hapa Bukavu kila siku: nichague ipi?

Baba Furaha (Bukavu)
Bandugu, habari za kazi. Natafuta skuta mpya ya otomatiki kwa ajili ya bibi yangu. Tunakaa Panzi, kazi yake iko Nyawera, na asubuhi anapitisha mtoto mmoja shuleni. Ana urefu wa mita 1.58 na anavaa kikwembe (kitenge), kwa hiyo moto (pikipiki) za kurusha mguu juu ya kiti hazimfai. Nimeonyeshwa tatu: Honda Activa 110, TVS Jupiter 110 na TVS Ntorq 125. Muuzaji anasema zote ni sawa, tofauti ni rangi na bei. Nichukue ipi, na nikague nini kabla ya kulipa?

Fundi Kuruwa (Bukavu)
Si sawa hata kidogo, Papa Furaha. Anza na magurudumu, moteri baadaye. Activa ina inchi 12 mbele na inchi 10 nyuma. Jupiter na Ntorq zina 12 kote. Kwenye lami hutaona tofauti, lakini shimo ambalo gurudumu la 12 linapita juu yake, la 10 linazama ndani, na pigo lote linaenda kwenye amotisa (shokomzoba) ya nyuma na mgongo wa aliyekaa. Kwa njia yenu Activa naitoa hapo hapo, ingawa moteri yake haina lawama.

Halafu mwinuko. Bukavu iko mita 1,500 na zaidi juu ya bahari. Kila mita 1,000 moteri inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi. Ile 110 mama akiwa peke yake inatosha. Akiweka mtoto na mfuko wa unga, itapanda, lakini moteri ikilia. 125 inapumua vizuri zaidi. Ila Ntorq ina kilo 118 hivi na Jupiter 107 hivi, na hizo kilo 11 anazisikia siku ya kuisukuma kwenye tope.

Kwa hiyo aende dukani mwenyewe. Akae, nyayo zote mbili zishike chini, si vidole tu. Kisha aipandishe kwenye sitendi ya katikati bila msaada: mguu ukanyage sitendi kwa uzito wa mwili, mkono uongoze tu. Akishindwa kwenye sakafu ya duka, kwenye parseli (kiwanja cha nyumbani) yenye mteremko itakuwa shida kila jioni.

Chukua ya enjeksio (inayopuliziwa mafuta kwa pampu na kompyuta), si ya karbureta (kabureta). Karbureta iliyopangwa kwa nchi za chini, huku inapewa esanse (petroli) nyingi kuliko hewa: bujii (plagi) inakuwa nyeusi, inakunywa sana, na dawa yake ni kubadilisha jikleri (kitundu kinachopima petroli). Enjeksio inajirekebisha. Shida zake ni mbili: haipendi esanse ya kadhafi (wauzaji wa barabarani) yenye maji, na batri ikifa kabisa, pampu haisukumi, kwa hiyo mara nyingi hata kiki haisaidii.

Volkano (Goma)
Huku mawe ya volkano yametufundisha mipira (tairi). Hizo tatu zinatoka na mipira isiyo na shambrea (tyubu ya ndani). Usikubali mtu wa mipira akuwekee shambrea siku ya kwanza ya msumari. Nunua kifaa cha kuzibia kwa kamba za mpira, kinakaa chini ya kiti. Presha ya hewa: mbele karibu bari 1.5, nyuma 2 akiwa peke yake, 2.5 akibeba mtu (hakikisha kwenye kibandiko cha skuta yenyewe). Hapa kwetu wengi wanajaza mpaka inakuwa jiwe, eti isipasuke. Ndiyo inayoteleza kwenye mvua.

Mama Bagira
Kuhusu kikwembe: skuta haina cheni, hilo ni zuri, lakini shapoma (bomba la moshi) iko kulia na inachoma. Mtoto asiteremkie upande huo. Na papiye (hati): soma namba ya shasi kwenye chuma, ilingane herufi kwa herufi na papiye ya DGDA (forodha), kabla dola hazijatoka mfukoni.

Baba Furaha (Bukavu)
Aksanti sana. Naelekea Jupiter. Swali moja: alijifunzia moto ya ambreyaji (klachi) ya kaka yake. Atazoea? Na kushuka mlima bila vitesi kukoje?

Fundi Kuruwa (Bukavu)
Hapo ndipo pa kuwa makini. Mkono wa kushoto ambao kwenye moto ni ambreyaji, kwenye skuta ni freni (breki) ya nyuma. Aliyezoea moto akishtuka anaubana wote, gurudumu linafunga. Afanye mazoezi kwenye uwanja mtupu mpaka vidole visahau. Tena, asiisukume moteri ikiwa inawaka: akigusa gazi (mkono wa kuongeza mwendo) kidogo tu, inaruka mbele na kumvuta. Azime kwanza.

Kushuka: akiachia gazi na mwendo ukashuka chini ya kilomita 15 hivi kwa saa, ambreyaji ya ndani inaachia yenyewe na skuta inateremka huru, moteri haishiki tena. Apunguze mwendo kabla ya mteremko, aguse gazi kidogo ili ishike, kisha aachie. Freni abane zote mbili, aachie, abane tena. Akizishikilia mfululizo, freni za ngoma zinapata moto na mkono unaanza kwenda mbali bila kushika. Jupiter nyingine zina diski mbele. Ulizia hiyo, ongeza dola zinazotakiwa.

Kupanda: akisimama mlimani, ashike freni, asiizuie skuta kwa gazi. Viatu vya ambreyaji vinasuguana na kengele (kikombe cha chuma kinachovizunguka) mpaka vinaungua. Harufu utaisikia, na baadaye inatetemeka kila inapoanza kwenda.

Matunzo: mafuta ya moteri 10W-30 yenye alama MB, vidanji (kubadilisha mafuta) ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1,000. Kuna mafuta mengine ya gia za nyuma, karibu mililita 100, yenye kizibo chake. Mafundi wengi wa moto hawayajui, yanakaa mpaka gia zinalia. Kiangazi, filta ya hewa iangaliwe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kuruwa (mkanda unaozungusha gurudumu la nyuma) na galeti (vidonge vya mviringo ndani ya puli ya mbele) nunua seti moja pamoja na skuta, maana duka kujaa spea za TVS HLX (pikipiki ya kawaida) hakukusaidii: HLX ni ya cheni, haina kuruwa wala galeti. Galeti zikipata upande bapa, moteri inapiga kelele lakini mwendo hauji. Badilisha zote kwa mara moja, uzito uleule.