Naomba ushauri: gesi ya CW Leonis inanipotea kwenye vipimo
Wakuu, heshima kwenu. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu gesi inayomwagwa na CW Leonis, nyota jitu iliyozeeka. Natumia data za wazi za ALMA, mtandao wa antena za redio ulioko Chile, kwenye mstari wa kaboni monoksidi wa gigahezi 230.538. Kasi imetoka vizuri: gesi inatanuka kwa kilomita 14.5 hivi kwa sekunde. Shida ni mwangaza. Nikilinganisha na kipimo cha darubini ya redio ya dishi moja, wangu ni mdogo mno, na picha imezungukwa na madoa meusi ya namba hasi. Nahisi antena zilizotawanyika haziioni gesi iliyosambaa sana. Je, niingize data za antena ndogo za ALMA za mita 7 kabla ya kusafisha picha (kuondoa kasoro zinazoletwa na mpangilio wa antena), au niunganishe baadaye? Hii ni wiki ya tatu nimekwama, wakuu.