Nimeweka nadhiri ya kuendesha baiskeli Mlima Kilimanjaro, kambi ya Horombo mpaka kambi ya Kibo, bila kugusa chini, naombeni ushauri

Mtoto wa Mgumu:
Habari zenu wakuu. Mimi ni kijana wa miaka 36, naishi Dar, baiskeli naendesha mwaka wa sita sasa, wikendi nakuwa Pugu na mara mbili kwa mwaka naenda kujitesa Lushoto, kwa hiyo miguu ipo. Baba yangu alikuwa mgumu, yaani mpagazi, pale mlimani miaka mingi sana, kazi yake kubwa ilikuwa kubeba maji kupeleka Kibo maana kule juu hakuna maji, yanabebwa kutoka chini. Alikuwa anatuambia pale Saddle, lile jangwa kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, hakuna mtu asiyetua mzigo, hata uwe nani. Amefariki mwaka jana. Siku ya arobaini nikaweka nadhiri kwamba nitapita hapo na baiskeli kwa ajili yake, kuanzia Horombo mpaka Kibo, na mguu wangu hautagusa ardhi.

Kampuni niliyoongea nayo imenipangia hivi: siku ya kwanza geti la Kilema mpaka Horombo, ya pili Kibo na usiku huohuo kwa miguu kwenda kileleni Uhuru, ya tatu tunashuka. Na nilitaka siku ya Saddle niwe nimefunga, nihisi kidogo alichokuwa anahisi mzee. Je inawezekana? Baiskeli niiandaeje? Matusi sihitaji, naomba mawazo tu.

Chura wa Msimbazi:
Bodaboda zimejaa mkuu 😂😂

Fundi Spoki:
Mpuuze huyo. Pole kwa msiba, kaka.

Mimi nimefika Kibo na baiskeli mara moja, na mara nyingine nilirudishwa kutoka Horombo natapika kama mjamzito, kwa hiyo nakuambia kwa mdomo uliokula dongo. Kwanza hiyo ratiba ikatae. Horombo ni mita 3,720, Kibo ni 4,720, hiyo ni mita elfu moja kwa siku, wakati madaktari wa milimani wanasema ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya usiku na usiku. Njia ile huwezi kuifuata sheria hiyo moja kwa moja, ila unaweza kulala Horombo usiku mbili na hata tatu, mchana unapanda mpaka Zebra Rocks au zaidi kidogo unarudi kulala chini. Ndo dawa yenyewe.

Pili, na hili watu wa Pugu hamlijui. Mlimani wimbo ni pole pole. Anayetembea anaweza kwenda mwendo wa kinyonga asubuhi mpaka jioni. Baiskeli haina huo mwendo, ukipunguza sana inaanguka, kwa hiyo ili usiguse chini lazima usukume pedeli kwa nguvu kila saa, kwenye mchanga, upepo unakupiga usoni, na kila pumzi unayovuta pale Kibo ina oksijeni kidogo tu zaidi ya nusu ya ile ya Dar. Hapo unakopa na hakuna wa kumlipa. Vijana wenye mazoezi ndo wanaanguka wa kwanza, kwa sababu miguu inawaruhusu kukimbia kuliko damu ilivyozoea.

Mbele weka meno 30, nyuma 51, tairi pana, bila tyubu kama unaweza. Na usishangae ukisukuma kwa mkono robo ya njia. Mimi nilisukuma karibu nusu.

Mama Wawili:
Mimi ni nesi, sio wa mlimani ila mume wangu ni gaidi kule, ndo kazi yake ya kuongoza wageni. Kufunga futa kabisa kichwani. Hewa ile ni kavu, unahema maji yote yanatoka na wewe hurudishi, halafu kichwa kikianza kuuma hutajua ni kiu au ni mlima. Muone daktari kuhusu Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mlima, kabla ya safari, na mwambie kama una aleji ya dawa za salfa. Utakojoa sana, vidole vitawasha kama umelalia mkono na soda itakosa ladha, usiogope.

Kichwa kinachouma pamoja na kutapika, hupandi hata hatua moja. Ukianza kuyumba kama mlevi, au kukohoa na kuhema ukiwa umekaa tu, unashuka SAA HIYO hata kama ni usiku wa manane. Mume wangu huwa anawachorea wageni mstari watembee kisigino kwa kidole. Wewe ukiona usukani haunyooki usiulaumu mchanga, shuka utembee huo mstari.

Bin Makorora:
Assalam alaykum. Ndugu yangu ipo hadithi sahihi, Mtume (s.a.w.) alimuona mzee anaburuzwa katikati ya wanawe wawili, akauliza ana nini huyu, wakasema ameweka nadhiri ya kutembea kwa miguu. Akasema Mwenyezi Mungu hana haja na huyu kujitesa nafsi yake, akaamrisha apande kipando. Yule aliapa kutembea akaambiwa apande, wewe umeapa kupanda, sasa wakikuambia utembee usikasirike 😊 Muulize sheikh wako kuhusu kafara ya nadhiri.

Meku wa Mgombani:
Mimi ni Mchagga wa Kilema. Bibi yangu alikuwa anatema mate asubuhi kuelekea Kibo na kuomba, na zamani wazee walizikwa uso umeelekea kule. Mlima ule kwetu ni mkubwa wa ukoo. Mawenzi mwenyewe yale makovu aliyapata kwa kumsumbua mwenzie kila saa kuomba moto mpaka akapigwa mchi. Sasa wewe unaenda kushindana nae?

Nikuulize kitu kimoja tu mwanangu. Ukizidiwa pale Saddle, wewe utashushwa na watu. Hiyo baiskeli ya kilo 14 nani ataibeba? Mgumu. Kijana wa mtu mwingine, ana mzigo wake tayari wa kilo 20 mgongoni.

Mtoto wa Mgumu:
Dah.

Nimekaa na hiyo ya Meku tangu jana sijajibu. Nimempigia mama nikamsomea, amecheka kwanza halafu akanyamaza, halafu akasema baba yako alikuwa anasimama kila kona akinywa chai kwenye chupa, na alikuwa anatua ndoo kama wenzie, ile ya hata uwe nani alikuwa anajisema na yeye. Mimi nilielewa kinyume miaka yote hii.

Kwa hiyo: usiku tatu Horombo, sifungi, Diamox baada ya daktari, kafara nitamuuliza sheikh Ijumaa. Saddle nitaendesha panapoendesheka na pengine nitasukuma. Ile kampuni nimewaambia waongeze siku, wamepandisha bei na mimi nimekubali, na nimewauliza wagumu wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, hawajajibu bado. Wasipojibu natafuta wengine. Na nataka nibebe mwenyewe maji lita tano toka pale maji ya mwisho yanapopatikana njiani mpaka Kibo, mgongoni. Fundi hapo vipi?

Fundi Spoki:
Lita tano mgongoni kwenye baiskeli zitakuangusha, uzito ukiwa juu usukani unacheza. Gawa, mbili kwenye fremu, tatu kiunoni, na chupa uzivishe soksi yasigande asubuhi. Mfuko wa maji wenye mrija wa kunywea achana nao, ule mrija unaganda wa kwanza. Ila panapopanda sana utasukuma tu, kwa hiyo vaa viatu vya kutembea na pedeli za bapa, vile vya kubana pedeli viache Dar.

Na breki. Kila mtu anafikiria kupanda, kule kushuka Horombo mpaka getini ndo kunakuunguza pedi. Beba seti ya pili. Usishikilie breki muda wote, bana achia, bana achia, simama diski zipoe. Unaenda lini?

Mtoto wa Mgumu:
Septemba nikijaliwa. Soksi za mzee zipo.