Mrejesho: Ndoa ya Mkatoliki na Mlutheri
Niliwauliza kama mchumba wangu, ambaye ni Mlutheri, atalazimika kubadili dhehebu ili tufunge ndoa katika Kanisa Katoliki. Paroko ametueleza kwamba halazimiki, wala habatizwi upya, kwa kuwa ubatizo wake wa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu unatambuliwa. Kinachohitajika ni ruhusa ya askofu, na ili itolewe, mimi niliye Mkatoliki nimeahidi kudumu katika imani yangu na kufanya yote niwezayo ili watoto wetu wabatizwe na kulelewa humo; mwenzangu hakutakiwa kutoa ahadi hiyo, ila alijulishwa waziwazi, jambo ambalo naliona ni la haki kabisa. Cheti changu cha ubatizo kilipaswa kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6, kwa sababu ndoa ya Mkatoliki huandikwa pia katika kitabu cha ubatizo. Matangazo yamekwisha kusomwa kanisani, na siku 21 za notisi zinazotakiwa na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 zimetimia. Tutafunga ndoa kwa ibada isiyo na Misa, na wazazi wa pande zote mbili wameridhia. Nawashukuru kwa dhati mlionishauri nianzie kwa mwenyekiti wa jumuiya, yaani kikundi cha waumini Wakatoliki wa mtaani kwetu.